Nafasi ya Milio Sita

1

Mafuko walikifukia kisima jua likiwa utosini, na Mhoja alikuwa ndani.

Hakukuwa na kishindo. Watu waliopanga ndoo kwenye foleni ya maji walisikia kigemu, kidude cha kuwaamrisha mafuko kwa milio, kikilia chini shimoni, mlio mmoja mzito wa kuburuza. Kisha wakawaona mafuko watatu waliokuwa kwenye mteremko wa kisima wakigeuka, wakiinamisha vichwa na kuanza kusukuma mchanga ulikotoka. Hiyo ni kazi wanayoijua. Fuko mmoja ana ukubwa wa ndama, viganja vyake ni makoleo, na wakiwa watatu hulijaza shimo lenye kina cha mkwaju kabla sufuria ya uji haijachemka.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Kalunde, mke wa Mhoja. Aliitupa ndoo akateremka mbio kwenye mteremko, na wanaume wawili wakamkamata kiunoni, maana mchanga ulikuwa bado unatembea.

Nyamizi Kasanga alitoka kwenye karakana yake na pasi ya kulehemu mkononi. Alikuwa na miaka hamsini kasoro, mfupi, mabega kama ya mpagazi. Hakuna kigemu pale Isimbila ambacho hakikupita kwenye mikono yake, na hakuna fuko aliyekuwa akitii mlio ambao si yeye aliyeutunga. Alikimbia akiitupa pasi njiani na kukitoa kigemu chake kifuani.

"Nani kawaambia wafukie?" alimuuliza Masele, mchungaji wa mafuko, aliyekuwa ukingoni akikunja na kukunjua mikono.

"Mimi sijabonyeza kitu, dada. Kigemu anacho Mhoja huko chini."

Nyamizi alibonyeza *chimba*. Filimbi mbili zilipanda kwa pamoja, nyuma yake kukiwa na sauti kama mvua juu ya bati. Mafuko walisimama, wakageuka, wakaanza kuuchimba mchanga waliotoka kuujaza. Waliuchimba kwa bidii ileile, bila haya wala huruma, kwa kuwa hawakuwa wameambiwa kwamba kuna jambo la kuonea haya. Aliyetangulia alikuwa jike kuukuu aliyeitwa Bibi Koleo. Ndiye aliyempandisha Mhoja, amemlaza juu ya viganja viwili kama mtoto anayetolewa bafuni.

Mhoja alikuwa amekufa. Mchanga ulikuwa umejaa mdomoni mpaka kwenye meno ya nyuma.

Kigemu kilikuwa bado mkononi mwake na kidole gumba kimeganda kwenye kitufe. Nyamizi alivibandua vidole kimoja kimoja. Kitufe kilichokuwa chini ya gumba kilikuwa *toka*. Hakuamini. Akakibonyeza palepale.

Ukatoka ule mlio mzito wa kuburuza.

Mafuko waligeuka, wakainamisha vichwa, wakaanza kusukuma mchanga kuelekea kwa wanaume waliopiga magoti kando ya maiti. Watu walipiga mayowe wakakanyagana. Nyamizi alikibana kigemu chake mwenyewe, *simama*, na mafuko wakatulia kama mawe. Halafu akaking'oa kifuniko cha kigemu cha Mhoja na kuitoa betri. Ilikuwa imechoka, imevimba kidogo upande mmoja.

"Aliwaambia watoke," alisema. "Kigemu kikawaambia wafukie."

Kalunde alikuwa ameketi mchangani, kichwa cha mumewe mapajani. Alimtazama.

"Kigemu cha nani?"

"Changu," Nyamizi alisema.

2

Mwenyekiti Lugendo alikuja karakana jioni ileile, kabla hata sanda haijashonwa. Alikuwa mtu wa kuuliza moja kwa moja na hakupenda viti, alisimama mlangoni.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Nyamizi alikuwa amekifungua kigemu juu ya meza. Kilikuwa kitu kidogo, unene wa kipande cha sabuni, kioo chake kimepauka rangi ya maji ya mchele. Babu wa babu zao walivichezea walipokuwa watoto. Nyamizi alikuwa ameviokota vikiwa vimejaa ghala la mji uliohamwa, katoni juu ya katoni, wakati ambapo Shirika lilikuwa limefunga virago na kuondoka na mabaragumu yake ya kuwaamrishia mafuko. Mafuko walibaki. Shirika ndilo lililowaunda, na lilipowaunda liliwanyima macho na sauti, ili asiye na baragumu lake asiwe na la kuwafanyia.

"Humu ndani kuna njia nne za sauti," Nyamizi alisema. "Mbili ni filimbi. Moja unaichora mwenyewe mawimbi yake, uipe unene utakao. Ya nne ni fujo tupu, kama mvua juu ya bati. Basi. Wazee waliotengeneza hizi gemu walikuwa na mazimwi zaidi ya mia, na kila zimwi lilitaka sauti yake, na nafasi ilikuwa finyu kuliko kisanduku cha kiberiti. Unajua walifanyaje?"

"Ningejua nisingekuja."

"Walitunga milio michache. Uleule mmoja wakaupandisha juu na kuufupisha, ukawa wa ndege. Wakaushusha na kuurefusha, ukawa wa jitu la mawe. Shina moja, matawi mengi. Mtoto anayecheza hagundui. Na sikio la fuko liko hivyohivyo, Mwenyekiti. Shirika liliwapa nafasi ya milio sita. Shina la saba likiingia, moja linatoka. Lakini ndani ya shina moja fuko anatambua juu na chini, refu na fupi. Kwa hiyo nikafanya kama wale wazee."

"Ukaweka amri mbili kwenye shina moja."

"*Toka* na *fukia*. *Toka* iko juu, fupi. *Fukia* iko chini, ndefu."

"Na kwa nini miaka yote hiyo wasikosee?"

"Kwa sababu ndani ya kigemu kulikuwa na kipande cha kioo kinachohesabu muda, na kioo hakichoki. Vilikufa, kimoja kimoja, kwa vumbi na uzee. Hakuna duniani anayevitengeneza tena. Nikaweka rezista na kapasita, vijipande vya umeme, mahali pake. Hizo zinahesabu muda kwa nguvu ya betri. Betri ikichoka saa inachoka nayo, na saa ikichoka, mlio unashuka na kurefuka."

Nje, wanawake walikuwa wanaanza kuimba kwa Kalunde.

"Kiwe kinajizima basi, betri ikichoka."

"Na aliye shimoni abaki na kigemu kilichozima, mafuko wakiendelea kuchimba juu ya kichwa chake? Wakianza hawaachi mpaka waambiwe."

"Tukague betri kila asubuhi."

"Mhoja alikagua asubuhi. Mhoja alikuwa mwangalifu kuliko mimi na wewe. Jua la leo limeiua ikiwa mkononi mwake." Alikiweka kigemu chini. "Hakuna amri mbili zitakazokaa shina moja tena. Mlio ukikaa peke yake kwenye shina lake, ukichoka unakuwa mlio uliochoka, basi, fuko ataujua. Wakikaa wawili, iko siku mmoja utateleza uingie kwa mwenzake."

"Amri ziko ngapi?"

"*Chimba, simama, geuka, toka, hatari, fukia.* Hizo ni za Shirika. Na *nyonya*, hiyo niliiongeza mimi."

Lugendo alihesabu kwa vidole na kidole kimoja kikabaki hewani.

"Basi mojawapo itoke," alisema, akaenda zake msibani.

3

Walimzika kesho yake. Kaburi lilichimbwa kwa majembe. Hakuna aliyetaja mafuko.

Watani wa ukoo wa Mhoja ni Wagogo, na mkubwa wao pale Isimbila alikuwa Ndahani, fundi wa kamba na roda, mtu mrefu mwenye sauti ya kupasua mtungi. Mila haijafa. Jeneza lilipofika, Ndahani alikuwa tayari ameingia kaburini na kulala chali.

"Nani huyo mnamleta?" alifoka. "Nyumba hii ina mwenyewe!"

"Toka, mtani, tumzike mwenzetu."

"Kumzika? Huyu alishazikwa jana! Mafuko walifanya kazi safi, bila pilau, bila sanda, ninyi mkafukua. Wanyamwezi hamridhiki. Mnataka mtu azikwe mara mbili kama magimbi."

Watu walicheka. Kicheko cha msibani kina njia yake, kinatoka na machozi pamoja. Hata mama mzazi wa Mhoja alijifunika mdomo kwa kanga. Ndahani alitoka kaburini akijipangusa, akainua mikono, akauiga mlio wa *toka* kwa mdomo wake, mfupi na mkali kama mbayuwayu. Kisha akauvuta, akaushusha, ukaingia tumboni na kuburuzika. Kicheko kikakatika.

"Binti Kasanga," alisema. "Mbona umejificha nyuma ya watu kama mwizi wa kuku? Njoo tukuone. Umemuua mwenzio kwa kubana nafasi. Wenzako wanabana unga, wanabana sukari. Wewe umebana roho ya mtu."

Hakuna aliyemkemea. Mtani hakemewi. Alinyoosha kiganja chake kikubwa, na kila mtu alijua kinachofuata. Anayetaniwa msibani huweka kitu kwenye kiganja, kuku, sarafu, hata ugoro, na neno lililosemwa linazikwa na maiti. Ndivyo watu wanavyoweza kuambiana kweli na kesho yake wakaazimana chumvi. Ndahani alikuwa amemfungulia mlango. Ilikuwa hisani, ingawa ilikuwa na sura ya kofi.

Nyamizi alisogea mpaka ukingoni. Mfukoni alikuwa na sarafu. Hakuitoa.

"Sikupi kitu, mtani," alisema. "Ulilolisema ni kweli. Sitalinunua."

Minong'ono ilipita. Mama mmoja alisema, "Huyu ana wazimu, mpe mtu haki yake!" Ndahani mwenyewe alibaki na kiganja hewani. Neno lisilolipiwa linabaki juu ya ardhi. Linatembea na mtu.

Kalunde hakuinua kichwa. Alichukua konzi ya udongo, akaimwaga kaburini, na akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

4

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya kunyonyesha, na Nyamizi alimfuata Masele kwenye vichuguu vya watoto, nyuma ya kijiji, mahali mchanga ulipo laini na wa ubaridi.

Shirika halikuhitaji *nyonya*. Lilikuwa likiwatenga watoto wa fuko siku wanapozaliwa na kuwalea kwa mashine kwenye vyumba vyake, kisha kuwauza. Lilipoondoka, msimu wa kwanza watoto wote walikufa, na hakuna aliyeelewa kwa nini, kwani mama walikuwa na maziwa mpaka yanadondoka. Nyamizi ndiye aliyelala tumbo kwenye kichuguu na kugundua. Mama haoni, hasikii mtoto, kwa kuwa mtoto hana sauti. Mtoto haoni, hasikii mama, kwa kuwa mama hana sauti. Akawatungia mlio, na kwa kila mama akaupandisha au kuushusha kidogo ili kila mtoto ajue wake. Mlio huo ukichoka na kuteleza, kosa lake ni dogo: mtoto ananyonya kwa shangazi. Lakini ulihitaji shina lake, na shina lilipatikana kwa kuzisukuma *toka* na *fukia* zikae pamoja.

Alikuwa anajua hayo yote. Alitaka kuyaona tena kabla hajasimama mbele ya watu.

"Usibonyeze," alimwambia Masele.

"Ni saa yao, dada. Wana njaa."

"Najua. Subiri."

Walilala kifudifudi kwenye mdomo wa kichuguu, taa ndogo imeelekezwa ndani. Bibi Koleo alikuwa anakuja, chuchu zimejaa, zinaacha michirizi mchangani. Mtoto wake alikuwa amejikunja ukutani, mkubwa kama paka, ngozi ya waridi, kucha bado laini. Mama alipita. Alipita upana wa kiganja kutoka kwake, akatafuta upande wa pili, akageuka, akapita tena. Mtoto alifungua kinywa kikubwa kuliko kichwa na hakikutoka kitu. Alifungua tena. Mama alikuwa anachimba sasa, kwa haraka, mahali pasipo na mtu.

"Bonyeza basi," Masele alisema. "Unangoja nini?"

"Nangoja nijue."

"Ujue nini? Unajua!"

Bibi Koleo alipita mara ya tatu na kiganja chake kikamkwaruza mtoto mgongoni bila kumjua. Hivyo viganja ndivyo vilivyomfukia Mhoja na ndivyo vilivyompandisha. Nyamizi alivitazama muda mrefu. Alijaribu kumchukia yule mnyama, kwa ajili ya Kalunde, na hakuweza. Ilikuwa kama kulichukia jembe.

Alibonyeza. Mlio wa *nyonya* ulitoka, wa njia ile ya kuchora, mnene na laini, unatetemeka mwishoni. Mama na mtoto waligeuka kwa pamoja kana kwamba wamevutwa na uzi mmoja.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja. Wakiachishwa wote, tuna kundi la kutupeleka miaka ishirini." Masele alijifuta macho na kusingizia mchanga. "Dada, mimi nawapenda, sikatai. Lakini visima vikavu viko ishirini na kimoja, viko wazi, na masika ni mwezi wa pili kutoka sasa. Bila *fukia* nani atavijaza?"

Kila mtu Isimbila alijua jibu lake. Kisima kilichokauka kisipojazwa kabla ya masika, mvua hutuama humo, huyeyusha chumvi ya chini na kuipeleka kwenye visima vizima. Mafuko watatu hufanya kazi hiyo asubuhi moja kwa kila shimo. Watu ishirini wenye makoleo huifanya kwa siku tatu, na kingo za mchanga haziwaogopi, huwaporomokea.

5

Baraza lilikaa chini ya paa la ghala la nafaka. Lugendo alieleza mambo kama alivyoelezwa, bila kuongeza chumvi. Kisha akajaribu njia za pembeni, kama mtu anayejua kuwa ataulizwa baadaye.

"*Nyonya* isichangie shina na amri nyingine?"

"Ikichangia na yoyote, watoto wataitwa shimoni chini ya viganja vya wakubwa," Nyamizi alijibu. "Na amri za shimoni zikichangia zenyewe kwa zenyewe, daima kuna mtu chini."

"Gawa kundi. Hawa wafukie, wale wanyonyeshe."

"Nilijaribu zamani kwa amri nyingine. Fuko akisikia mwenzake anasukuma mchanga, naye anasukuma. Kundi zima ni sikio moja."

"Basi ni mojawapo. *Fukia* au *nyonya*."

"Ni mojawapo."

Kalunde alisimama. Wanawake waliokuwa naye walimvuta nguo akae, mfiwa hasemi barazani kabla ya kuondoa matanga, naye akaing'oa nguo mikononi mwao. Yeye na Nyamizi walikuwa wamekua pamoja, wamechekana meno yakiota na yaking'oka, na hakuna aliyekuwa tayari kuwatazama wote wawili kwa wakati mmoja.

"Sina maneno mengi," Kalunde alisema. "Shirika liliweka amri sita, zilikaa vizuri. Mwenzangu akaona watoto wa mafuko wanakufa, akawahurumia. Akawatafutia maziwa. Maziwa yale yamelipiwa, na aliyelipa ni mume wangu. Sasa nasikia mimi na wanangu tushike makoleo, tujaze mashimo kwa mikono, ili yule aliyemfukia Mhoja apate kunyonyesha. Nyamizi, niambie mbele ya watu. Hapa mtu ni nani?"

Hata Ndahani aliangalia chini.

"Mtu ni wewe," Nyamizi alisema. "Mtu alikuwa Mhoja. Fuko si mtu, na sijasema ni mtu."

"Basi umemaliza."

"Sijamaliza. Fuko alifukia kwa sababu kigemu changu kilimwambia. Hana mdomo wa kuuliza, 'Je, una hakika?' Nilimpa mlio wa uongo akautii. Sasa mnaniambia nimnyang'anye na ule wa kweli, ili kosa langu lisiwatoe ninyi jasho. Na wale kumi na mmoja wakifa, wakubwa wamebakiza miaka kumi. Baada ya hapo tutachimba kwa mikono, si kujaza tu."

"Miaka kumi iko mbali," alisema mtu kutoka nyuma. "Chumvi iko mwaka huu."

"Ni kweli."

Lugendo alipigisha kura. Mikono ya waliotaka *nyonya* itoke ilikuwa mingi kiasi kwamba hakuhitaji kuhesabu ile mingine.

Nyamizi aliitazama ile mikono. Alijua vizuri anachotaka kufanya kinaitwaje. Mtu aliyekuwa ameua mmoja kwa kuamua peke yake mezani, sasa alikuwa anaamua peke yake tena, na safari hii mbele ya watu waliomkataza. Alilipima hilo kwa mara ya mwisho na bado mizani haikugeuka.

"Nimeona," alisema. "Sitafanya."

Ghala lililipuka kwa kelele. Lugendo alipiga meza.

"Unatuamulia, Nyamizi?"

"Najiamulia mikono yangu. Karakana iko wazi, pasi iko mezani, vigemu viko kwenye kikapu. Anayeweza kutunga mlio na kuwafundisha mafuko, aingie, sitamzuia. Mimi nitalifuta lile shina la *toka* na *fukia* lote. *Toka* nitaipa umbo jipya, la mkato, la bati tupu, na juma hili nitawafundisha kwa viazi mpaka waielewe. *Nyonya* inabaki. *Fukia* haitasikika tena Isimbila."

"Na mashimo?"

Makoleo ya ghala yalikuwa yameegemezwa ukutani. Alichukua moja.

"Hili ni la kwanza."

"Mtu mmoja, koleo moja, mashimo ishirini na moja!" Ndahani alisema kwa ile sauti yake. "Ama kweli! Hata kobe angekucheka, binti Kasanga, angekaa chini acheke mpaka gamba lipasuke."

"Acheke akiwa na koleo, mtani," Nyamizi alisema, akapita katikati yao kutoka nje.

Masele alimfuata kwanza. Baadaye kidogo Ndahani akaja na kamba zake na roda, akilaani ukoo mzima wa Kasanga kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuja siku ya pili, si kwa kuwa walikubali, bali kwa kuwa chumvi haingojei mtu ashinde mabishano. Kalunde alikuja pia. Alifanya kazi shimo la mbali, na kila Nyamizi aliposogea, yeye alihama upande.

6

Masika yalianza mapema. Hii ndiyo hesabu yake.

Mashimo kumi na saba yalijazwa kwa mikono. Manne hayakuwahiwa, na chumvi ikapita. Visima vitatu vizuri viliharibika, kimoja kati yake kile cha zahanati. Mashamba ya upande wa mashariki hayakupaliliwa, kwa kuwa waliotakiwa kuyapalilia walikuwa shimoni, na mavuno yakawa nusu ya mwaka uliotangulia. Kaya sita zilihama.

Ndahani alikatwa vidole viwili na kamba ya roda. Nyamizi aliteguka bega la kulia na haliinuki tena kupita sikio.

Shija, mdogo wake Masele, miaka ishirini na minne, aliporomokewa na ukingo wa shimo la kumi na mbili. Walimfikia kwa makoleo. Mafuko wangemfikia upesi zaidi, lakini walikuwa kwenye vichuguu, ilikuwa saa ya kunyonyesha, na mpaka walipoletwa muda ulikuwa umepita. Masele alimzika asubuhi, na jioni alikwenda kuwaita watoto wa mafuko kama kawaida. Hakumwambia Nyamizi neno baya wala zuri.

Katika watoto kumi na mmoja, tisa waliachishwa.

Kalunde aliondoka na wanawe wawili kwenda kwa kaka yake, mwendo wa siku tatu. Nyamizi amemtumia salamu mara nne kwa watu wanaopita njia hiyo. Salamu zote zimefika. Hakuna iliyojibiwa.